NYUMBA NA SHULE: Mtoto Hakui kwa Upande Mmoja



Mwaka mpya umeingia, na kengele za shule zimelia tena. Hapa Kimandolu, upande wa mashariki wa mji wa Arusha, kando ya barabara iendayo Moshi, asubuhi mapema utawaona watoto wakipita makundi makundi. Wengine wamechukua mifagio, wengine ndoo za maji, na wadogo wa darasa la awali wameshikwa mikono na dada zao. Nyuma yao wasimama mlima Meru. Wazazi husimama mlangoni wakiwatazama hata wakatike kwenye kona ya njia, kisha hurudi ndani wakiwaza neno moja: Je, mwaka huu mtoto wangu atafaulu?

Swali hilo ni jema, wala simlaumu mzazi aliulizaye. Walakini nataka kuweka swali la pili kando yake: Je, mwaka huu mtoto wako atakua? Maana mtihani wa darasa la saba ni wa siku mbili tu, na kukua ni kazi ya mwaka mzima.

Mwinjilista Luka, alipokwisha kusimulia jinsi Mtoto Yesu alivyoonekana hekaluni katikati ya walimu, afunga sura yake ya pili kwa neno fupi sana. Atuambia ya kuwa Mtoto yule alizidi kuwa na akili, mwili wake ukakua, tena akapata kibali kwa Mungu na kwa watu. Akili hulishwa kwa kitabu. Mwili hulishwa kwa chakula na kwa mchezo. Na kibali cha watu hupatikana kwa adabu, kwa wimbo, na kwa kuzijua desturi njema za wazee waliokuzaa. Kigoda cha miguu mitatu ukikikata mguu mmoja, hakiketiki tena. Ndivyo alivyo mtoto aliyelelewa kwa kitabu peke yake.

Yafaa tukumbuke jinsi shule ilivyotufikia katika mlima huu. Oktoba 1896 Wamisionari wawili wa Misioni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, pamoja na Wachagga waliofuatana nao. Baada ya hayo ikaja adhabu ya serikali ya Kijerumani, na damu nyingi zaidi ikamwagika kwa Wameru na Waarusha. Ungedhani watu wa mlima huu na watu wa misioni wasingetazamana tena. Walakini mwaka 1902 kituo kikajengwa Nkoaranga, na mwaka 1904 kingine Ilboru, karibu na mji wetu. Huko vijana wakajifunza kusoma, kuandika, kuhesabu na kuimba. Mwaka 1920, vita kuu ya kwanza ilipokwisha, Wamisionari wa Kijerumani wakaondoshwa katika nchi. Ndipo walimu wenyeji, watu wa migomba hii hii, walipoyashika makanisa na shule kwa mikono yao wenyewe, hata wasaidizi wengine walipokuja. Mmoja wa Wakristo wa kwanza wa Waarusha, Lazaro Laiser, alibarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1934. Basi shule zetu ni urithi uliotunzwa na walimu wa hapa hapa, hata siku zile ambazo hapakuwa na mtu wa kuwatazama. Urithi wa namna hiyo haufai kutunzwa nusu nusu.

Sasa tuutazame mwaka wenyewe ulivyo. Januari na Februari ni miezi ya jua. Watoto wa darasa la kwanza hujifunza kuishika kalamu, na wakubwa wao hupokea madaftari mapya kwa furaha, wakiandika ukurasa wa kwanza kwa mwandiko mzuri kuliko kurasa zote zitakazofuata. Machi huja masika, yakae hata Mei. Udongo wa Meru ukilowa huteleza kama sabuni, na viatu vya watoto wote huwa rangi moja. Wakati huo viti vitupu huongezeka darasani, na mzazi mwenye busara humwamsha mtoto wake mapema zaidi. Juni baridi hushuka, wingu huuficha mlima siku nzima, na huo ndio wakati wa mashindano. Septemba darasa la saba hufanya mtihani wao wa taifa. Mijakaranda inapomwaga maua yake ya zambarau barabarani, mwezi wa Oktoba, darasa la nne nao hupimwa. Kisha yaja Desemba, shule hufungwa, na mtoto huleta nyumbani karatasi ya maendeleo, ambayo wazazi wengi hutazama mstari mmoja tu: amekuwa wa ngapi.

Mambo ya shule yamebadilika pia. Tangu Januari 2024 mtaala mpya umeanza kufuatwa, ukianza na darasa la awali, la kwanza na la tatu. Kwa mpango huo elimu ya msingi itakuwa ya miaka sita mahali pa saba, hata mwaka 2027 watoto wa darasa la sita na wa darasa la saba wamepangiwa kumaliza pamoja. Tena katika masomo ya darasa la tatu na kuendelea limo somo liitwalo Sanaa na Michezo, na lingine liitwalo Historia ya Tanzania na Maadili. Basi mzazi asiseme tena kwamba mchezo na wimbo ni saa iliyoibiwa kitabuni. Saa hiyo ina mahali pake katika ratiba, kama hesabu ilivyo na mahali pake.

Hapa yanipasa kuungama kosa langu mwenyewe, maana haifai kuwaonya wengine kwa jambo nililolitenda mimi.

Miaka mingi iliyopita nilifundisha darasa la saba katika shule moja ya upande huu wa mlima. Mwaka ule nilitamani sana darasa langu liwe na matokeo mema. Mwezi wa Mei nikafuta kipindi cha michezo, nikafuta na mazoezi ya kwaya na ngoma, saa zote nikazitia katika hesabu. Wazazi walinisifu. Mimi nami nilijisifu moyoni.

Alikuwako binti mmoja darasani mwangu. Hesabu zilimshinda, na mkono wake hakuuinua hata mara moja nilipouliza swali. Bali katika kuimba alikuwa mkuu wa wote. Yeye ndiye aliyeanzisha wimbo, na sauti yake ikitoka, watoto mia moja hunyamaza wakangoja zamu yao ya kuitikia. Tena alikuwako kijana mmoja mwembamba, ambaye akitoka mbio, wenzake huona kisigino chake tu.

Juma la pili binti hakuja. Juma la tatu hakuja. Nikaenda kwao, nikamkuta bibi yake ameketi uani akipukuchua maharage, na binti yuko kando, amebeba mtoto mchanga wa shangazi yake mgongoni.

Nikasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu, keti."

Nikaketi. Nikamweleza kwamba mtihani u karibu, kwamba nimeongeza saa za hesabu kwa faida ya watoto, na kwamba mjukuu wake apoteza bahati yake. Akanisikiliza mpaka mwisho, mikono yake haikuacha maharage. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi sikusoma. Lakini nijuavyo mimi, mtoto huyu alikuwa na kitu kimoja tu pale shuleni alichokiweza. Akirudi jioni alituimbia, akatuambia leo nimeongoza. Kitu hicho mmekiondoa. Sasa mnataka aje kila siku kufanya nini? Kuambiwa kwamba hajui?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi njiani nikiwa nimeinama. Kesho yake nikakirudisha kipindi cha michezo na mazoezi ya kuimba, nikatuma habari kwa bibi, na siku ya tatu binti akaonekana mlangoni, sare yake imefuliwa na kupigwa pasi. Hakuwa wa kwanza katika mtihani, wala wa kumi. Lakini alifanya mtihani wake wote, akamaliza shule pamoja na wenzake, na jina lake likasomwa siku ya mahafali. Na tangu aliporudi kuongoza wimbo, mkono wake ukaanza kuinuka katika hesabu pia, mara moja moja.

Yule kijana wa mbio naye aliacha shule mwezi ule ule. Nilipomtafuta, nikaambiwa amekwenda kuchunga ng'ombe wa watu mbali, na sikumwona tena. Ndugu zangu walimu, yule mmoja aliyerudi hunipa furaha, bali huyu asiyerudi ndiye anifanyaye niandike barua hii.

Watu husema, mchezo wafaa nini? Jina lenyewe la mashindano ya shule zetu lajibu. UMITASHUMTA ni Umoja wa Michezo na Taaluma kwa Shule za Msingi Tanzania. Walioliweka jina hilo waliyafunga mambo mawili kwa kamba moja. Watoto huanza kushindana shuleni kwao, walioshinda huenda katani, kisha wilayani, kisha mkoani, na wachache hufika mashindano ya taifa. Humo mna mpira wa miguu na netiboli, mpira wa wavu na wa mikono, mbio na miruko, tena mna kwaya na ngoma. Mtoto wa Kimandolu hukutana huko na mtoto wa Longido na wa Karatu, akala naye, akashindwa naye, akamshika mkono. Hilo nalo ni somo, wala ubaoni halifundishiki.

Katika pande zetu hizi hatukukosa mifano. Mwaka 1968, katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico, John Stephen Akhwari wa Mbulu alikimbia marathoni. Akaanguka njiani, goti likaumia vibaya. Wengine kumi na zaidi waliacha mbio siku ile. Yeye akafungwa kitambaa, akaendelea kwa kuchechemea, akaingia uwanjani giza likiwa limeshuka, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alikuwa wa mwisho, na dunia ingali ikimtaja. Tena tarehe 15 Septemba 2025, huko Tokyo, Alphonce Simbu, mwana wa Singida aliyefanya mazoezi yake hapa Arusha, alimaliza marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Mjerumani Amanal Petros alifika kwa saa na dakika na sekunde zizo hizo. Ilipotazamwa picha ya mstari wa mwisho, Simbu alionekana ametangulia kwa sehemu tatu za mia za sekunde moja. Ndiyo medali ya kwanza ya dhahabu kupata Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha.

Mmoja alifika nyuma ya wote, mwingine alitangulia kwa upana wa kifua. Wote wawili walikataa kuacha kabla ya mstari. Mtume Paulo hakuona haya kuwafundisha Wakorintho kwa mfano wa wapiga mbio, na mwalimu wa leo asione haya. Mtoto aliyejifunza uwanjani kumaliza mbio ambazo hana tumaini la kuzishinda, ataiweza hesabu ngumu, na kesho ataiweza ndoa yake na kazi yake.

Sasa nije kwa jambo lenye ubishi nyumbani mwa Wakristo wengi, nalo ni ngoma. Wazazi kadha wa kadha wameniuliza: "Mwalimu, mtoto wangu amebatizwa. Je, ni halali acheze ngoma za shule?" Sitawacheka. Wazee wetu wa kwanza walipoingia kanisani, wengi waliziacha ngoma, kwa sababu siku zile zilifungamana na pombe, na matambiko, na mambo ambayo dhamiri zao zilikataa. Waliacha kwa gharama kubwa, wakatengwa na rika zao. Heshima yao na ikae.

Walakini hata zamani zile hapakuwa na neno moja tu juu ya desturi za wenyeji. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Old Moshi mpaka mwaka 1938, aliziandika kwa bidii mila za Wachagga, akafundisha kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo kanisa halipaswi kuvikata bali kuvitumia. Nasi twaweza kupima. Baba na mama, mtoto akija kusema amechaguliwa kucheza, mwulizeni mambo matatu. Maneno ya wimbo yasema nini? Yachezwa wapi na saa ngapi? Je, yuko mtu ambaye wimbo huu wamtia aibu? Kama maneno ni safi, na mahali ni uwanja wa shule mchana mbele ya walimu, na hapana adhihakiwaye, mwacheni mtoto acheze. Mwalimu naye asingoje kuulizwa. Na ayaandike maneno ya wimbo na maana yake, ayapeleke kwa wazazi, hasa ukiwa wimbo wa lugha ambayo si yao.

Maana Kimandolu ya leo si ya kabila moja. Penye madawati ya darasa moja utakuta Mwarusha na Mmeru, Mchagga na Mpare, Mwiraqw na Mrangi. Waarusha huimba pasipo ngoma ya kuwambwa. Koo za waimbaji na miguu irukayo ndiyo ala zao. Mtoto wa Kichagga akijifunza kuitikia wimbo huo, na wa Kiarusha akijifunza wa Kichagga, hawatadharauliana wakiwa watu wazima. Ni adabu kuu kuujua wimbo wa jirani yako.

Nawaachia mashauri machache ya kuanzia mwaka.

Kwanza, mtoto ale kabla ya kwenda shule, hata kama ni uji mtupu, tena alale mapema. Ada ya shule za msingi za serikali iliondolewa mwaka 2001, lakini tumbo tupu bado humfukuza mtoto darasani kuliko ada ilivyomfukuza. Wazazi wakipatana juu ya chakula cha mchana shuleni, mtu asijifiche siku ya kikao.

Pili, kila jioni lifungueni daftari. Nawe mama usiyejua kusoma, mwambie mtoto akusomee, kisha umwulize, "Na maana yake ni nini?" Swali hilo moja hufanya kazi ya mwalimu wa pili.

Tatu, msimzuie binti kwa ajili ya mtoto mchanga wa nyumbani, wala siku ya soko. Ndugu yake wa kiume ana mgongo pia.

Nne, mwalimu, usikile kipindi cha michezo kwa ajili ya mtihani. Nimekueleza kilichonipata. Katika darasa lako yuko mtoto ambaye saa ile ndiyo kamba pekee imfungayo na shule, nawe pengine humjui.

Tano, mzazi, nenda uwanjani mara moja katika mwaka. Mtoto wako huenda atakuwa wa mwisho katika mbio. Simama mwisho wa uwanja umngoje, umpokee kwa jina lake mbele ya watu. Siku hiyo hataisahau.

Na itakapofika Desemba, akileta ile karatasi, msianze kwa kuuliza amekuwa wa ngapi. Mwulizeni kwanza: "Mwaka huu umejifunza kufanya nini ambacho mwaka jana hukukiweza?" Akijibu kwa kusoma, asomeni. Akijibu kwa wimbo, aimbeni. Kisha tazameni namba yake, na mwombe pamoja naye.

Mungu aliyemkuza Mwanawe katika nyumba ya seremala wa Nazareti awakuze na watoto wetu wa Kimandolu. Na popote alipo yule kijana wa mbio, ambaye leo ni mtu mzima, namwombea awe na watoto, na watoto wake wawe na uwanja.

Ndimi ndugu yenu katika kazi ya kufundisha.